Mgagani wa Serikali

1

Naomba niliseme hili mapema tuelewane: hakuna mmea uliowahi kunidanganya mimi. Watu wamenidanganya, tena wengi, akiwemo mwalimu wangu wa fizikia aliyeniahidi kwamba nitafaulu. Lakini mmea, hapana. Nifunge kitambaa machoni, niingize shambani, nitagusa bua na kukuambia kama chini yake kuna risasi, zebaki au mchanga wa watu waungwana. Pale Kituo cha Udongo cha Nyamkoba wasomaji wengine walikuwa wanasoma mimea. Mimi nilikuwa natoa hukumu.

Maneno hayo niliyasema kwa sauti asubuhi ile, nikiwa katikati ya shamba la Marudioni, na aliyenisikiliza alikuwa punda wa bati.

Punda wa bati ni toroli lenye miguu minne na sanduku mgongoni. Kazi yake ni kubeba mabua tuliyokata na kuyapima uzito. Haoni vizuri, ila anasikia, kwa hiyo anamfuata msomaji kwa sauti. Ukinyamaza, anasimama. Wasomaji wapole walikuwa wanateseka sana, kila mara wanarudi nyuma kumwita kama mtu aliyepoteza kuku. Mimi wangu alikuwa ananikanyaga visigino. Ninaongea tangu nazaliwa. Nilipoona kuna kazi ambayo kuongea ni sehemu ya vifaa, nilijua Mungu hajanisahau.

Nikapiga goti. Nikabana bua la mgagani kwa kisomeo, kile kifaa kidogo chenye taa na meno mawili kama koleo. Kikalia mara moja. Kijani.

"Kijani," nikamwambia punda. "Twende."

Mgagani ule si wa bibi yako, ingawa ukiuona utaapa ndio wenyewe. Ni gugu lilelile linalojiotea kando ya zizi, ila wataalamu wa mbali wameufundisha tamaa. Mizizi yake inashuka urefu wa mtu mzima, inafyonza risasi na kuipandisha hadi kwenye machipukizi ya juu. Machipukizi yakijaa, risasi inarudi kulala ndani ya bua, na bua linageuka bluu. Bluu hiyo tunaikata, punda anaibeba, tanuru lililozibwa linaichoma, na risasi inayobaki chini inaenda kutengenezwa betri. Halafu tunapanda tena. Misimu miwili ikipita bila bua hata moja la bluu, Sheria ya Udongo inasema shamba ni safi, wenyewe warudi. Sheria inauamini mmea kuliko mashine, na ina sababu. Mashine inaonja kijiko cha udongo hapa na kingine pale. Mgagani unakula sinia zima.

Wenyewe ndio sisi. Zamani za babu zetu Marudioni palikuwa na karasha kila ulipogeuka. Mawe ya dhahabu yakasagwa kwa mitambo hiyo, unga ukaoshwa, dhahabu ikaondoka na wenye nayo, na yale marudio, mchanga uliobaki baada ya kuoshwa, yakaachiwa wajukuu. Watoto walipoanza kuanguka kifafa na kusahau hata majina ya mama zao, serikali ikatuhamisha wote hadi ng'ambo ya barabara, kwenye makontena ya chuma yaliyopangwa kama viberiti. Jina la mtaa halikumsumbua mtu. Kontena. Mtoto wa Kontena anajua bluu ni sumu kabla hajajua kuhesabu.

Nikaendelea hivyo, goti chini, goti juu, kijani, twende, mpaka nikafika pembeni kabisa, nyuma ya karasha lililoanguka. Hapo nikanyamaza, na punda akasimama.

Upupu. Ulikuwa umetambaa juu ya mgagani wote wa kona ile, maganda yake ya manyoya yananing'inia yakisubiri shingo ya mtu. Kama hujawahi kuguswa na upupu siwezi kukueleza. Nitasema tu kwamba ukikupata, utavua shati mbele ya mama mkwe na hutaomba radhi.

Nikaitazama kona. Vilikuwa viwanja vichache tu. Safu ya jirani ilikuwa kijani yote, na mbele yake kijani, na shamba zima kijani. Risasi ina haja gani ya kwenda kujibanza kwenye upupu? Basi nikageuka, nikabana bua la safu ya jirani, nikabana tena na tena, kisomeo kikaandika kwamba kona imesomwa, nami nikafuta magoti.

"Kijani," nikamwambia punda. "Marudioni ni safi. Hukumu imetoka."

2

Mpaka ninafika kula mchana, Kontena nzima ilikuwa na habari. Shangazi Minza alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha chakula, upawa mkononi, paa la sola likigeuka taratibu juu yake kufuata jua. Shangazi ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Amenilisha, amenisomesha, amenichapa, na hata sasa nikiwa na mshahara wangu bado ananiuliza kama nimenawa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Eti kweli tunarudi?"

"Kesho asubuhi Mhandisi anakabidhi viwanja. Na emsii ni mimi."

"Basi hatukabidhiwi," akasema. "Tunachekeshwa."

Kwenye benchi walikuwa mafundi wawili wa makontena, na pembeni yao Milembe, amejiegemeza ukutani, tumbo mbele. Milembe ni mke wa rafiki yangu Kulwa, ambaye wiki nzima hushinda ziwani kwenye vizimba vya samaki. Kwa hiyo Milembe ni shemeji yangu, na shemeji kwetu ni mtu wa kutaniwa bila likizo.

"Shemeji," akaniita, "kiwanja chetu kwenye kura kilikuwa kile cha pembeni, nyuma ya karasha. Umekisoma?"

"Nimekisoma mpaka nimekikariri."

"Jiko niliweke upande gani?"

"Upande wowote ambao Kulwa halali. Yule akisikia harufu ya samaki atadhani bado yuko kazini."

Wakacheka. Nami nikichekewa sijui kuacha. Nikasimama nikamwigiza Mhandisi Mwakalinga anavyotembea shambani, magoti juu kama anavuka mto ambao haupo, kisha anavyosimama kuhutubia, kidole kimoja hewani: "Ndugu wananchi, udongo... ni udongo." Fundi mmoja akakohoa ugali. Milembe akajishika tumbo. Shangazi akarusha kichwa nyuma akacheka kile kicheko chake cha mdomo wazi, cha kuonyesha mpaka kidaka tonge.

Nikauona mstari.

Ulikuwa chini ya meno yake, pale ufizi unapoanzia. Mwembamba, bluu iliyofifia kidogo kuelekea kijivu, kama mtu amepitisha ncha ya kalamu. Nikadhani zambarau. Ila si msimu wa zambarau. Nikamtazama Milembe, bado anacheka. Upo. Nikamtazama fundi. Upo.

Kwenye mafunzo tulionyeshwa picha ya ufizi kama huo. Mwalimu alisema: huyu anakula risasi, na ameanza muda mrefu.

Nikakaa. Mbele yangu shangazi alikuwa ameshaweka sahani: ugali, dagaa, na mgagani wa karanga. Uchungu wake ule wa kupanda hadi puani, utamu wa karanga ukiufuata nyuma. Mboga hiyo nimeila kwenye benchi lile karibu kila siku ya kazi.

"Shangazi," nikasema, "mgagani huu unautoa wapi?"

"Swali gani hilo? Huko kwenu. Marudioni."

"Marudioni pamefungwa. Kuna bango."

"Bango nimelisoma, mimi si mbumbumbu. Limeandikwa: mmea huu ni mchungu sana, hauliwi." Akawageukia mafundi. "Jamani, mgagani usio mchungu ni mgagani? Si majani ya kulishia sungura? Nikasema hawa watu wa maabara hawajawahi kupikiwa. Ukiuchemsha ukamwaga maji, ukaweka karanga, uchungu unabaki ule unaotakiwa."

"Na uzio je?"

"Uzio si wa ng'ombe? Mimi nina pembe?"

Benchi likacheka tena. Mistari mitatu ya bluu. Nikainamisha macho kwenye ugali.

"Kwani unaogopa tutawaharibia?" shangazi akaendelea, sasa kwa upole, kama anamfariji mtoto. "Hatung'oi, baba. Kina mama wote wa hapa tunakwenda alfajiri, tunakata vichwa tu. Ukikata kichwa unachipua zaidi. Shamba lote tumelipitia, tumewatunzia kama letu. Isipokuwa huko nyuma ya karasha. Huko upupu unatutoa mbio."

"Na mimi kliniki waliniambia nile majani kwa wingi," Milembe akasema. "Yanaongeza damu. Shangazi, niongeze mboga."

Shangazi akachota. Nikauona upawa unatoka kwenye sufuria, umejaa, unapita mbele ya macho yangu kwenda kwenye sahani ya Milembe. Mdomo nilikuwa nao. Mdomo ndio kitu pekee ambacho sijawahi kupungukiwa.

"Muongezee na karanga," nikasema.

3

Njiani kurudi Kituoni nilisimama kwenye dirisha la ofisi, nikajiangalia kwenye kioo, nikavuta mdomo wa chini kwa kidole. Nao upo. Mdogo kuliko wa shangazi, lakini upo.

Mhandisi Mwakalinga alikuwa uani, anamfundisha punda wa bati kusimama nyuma ya utepe bila kuukanyaga. Ni mtu mwema, niseme ukweli. Katoka Mbeya, anatuheshimu, anakunywa uji wetu bila kukunja uso. Kosa lake moja ni kwamba anaamini maandishi.

"Mhandisi," nikasema, "nina swali la kijinga."

"Lete, ndiyo uliyonayo."

"Tuseme mbuzi ameingia Marudioni. Anakula vichwa tu, mabua anayaacha."

"Mbuzi hawezi. Mbegu ile ilitiwa uchungu kusudi, ili mtu wala mnyama asiile. Aliyeitengeneza alijaribu mwenyewe kutafuna jani moja, akatapika."

"Alikuwa mtu wa wapi?"

"Sijui. Wa mbali. Kwa nini?"

"Tuseme mbuzi wangu ni sugu. Anapenda uchungu."

Akaacha utepe, akafikiri. Mhandisi ukimpa swali hawezi kuliacha, ni kama mbwa na mfupa. "Basi risasi ingekuwa inaondoka na machipukizi kabla hayajajaa," akasema polepole. "Hakuna ambayo ingerudi kwenye bua. Bua lisingegeuka bluu kamwe. Shamba zima lingekuwa kijani, na wewe ungelitangaza safi." Akacheka. "Umenitisha."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi? Mbuzi ndiye angekuwa tanuru."

Punda wa bati, aliyekuwa akiifuata sauti yangu, akanigusa goti akasimama, kwa vile sauti ilikuwa imekatika.

"Ikionekana bluu sasa hivi, hata bua moja?" nikauliza.

"Tunaanza upya. Watu wanabaki Kontena misimu miwili mingine, au zaidi."

"Na kama si mbuzi, ni watu?"

"Watu wanapelekwa Hospitali ya Damu mjini. Dawa ipo, Ngasa, inaifunga risasi na kuitoa, inafanya kazi vizuri. Ila inatolewa kwa taarifa rasmi tu, na wakilazwa wanakaa huko mpaka damu isome sawa. Na aliyewapikia anashitakiwa kwa kuuza sumu."

"Hata kama hakujua?"

"Bango lipo pale. Mahakama itauliza swali moja tu: alilisoma au hakulisoma."

Nikamwona shangazi kizimbani, mkono kiunoni, anamwambia hakimu kwamba bango alilisoma na yeye si mbumbumbu.

"Na kama kuna mjamzito?"

Sasa Mhandisi akanitazama vizuri. "Mjamzito angekuwa wa kwanza kupakiwa kwenye gari. Risasi haikai kwa mama. Inavuka. Kila siku anayokaa bila dawa, anayelipa ni mtoto." Akasogea. "Ngasa, huu ni utani wa aina gani unaotunga?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nataka mjue kwamba nilipaona. Palikuwa wazi kama mlango, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Mhandisi, mbuzi ni shangazi yangu. Ningeisema, Milembe angekuwa garini kabla ya jioni. Shangazi naye angekuwa mikononi mwa polisi, na kesho watu wote wa Kontena, waliokwisha kufunga virago, wangefungua virago.

"Natafuta mbuzi wa kuingiza kwenye hotuba ya kesho," nikasema. "Watu wa hapa wanapenda mbuzi."

Akashusha pumzi. "Usiwe mrefu tu. Na uvae viatu vizuri, wageni wa mkoani wanataka kulitembea shamba lote hadi kona ya mwisho. Ule upupu wa nyuma ya karasha nimepanga ufyekwe kesho, kabla hawajafika."

"Kesho," nikasema.

"Kesho asubuhi. Wewe si uliusoma? Kuna shida?"

"Kijani tupu."

Nilitembea kutoka pale nikijifanyia hesabu za mtu anayejua jibu analolitaka. Udongo wa mbele umefyonzwa misimu yote hii. Kama risasi imeingia matumboni mwetu basi haimo ardhini, si ndiyo? Kwa maana nyingine shamba limesafika, ni tanuru tu lililobadilika. Na pengine kona ile haina kitu. Watu warudi kwao kwanza. Baada ya sherehe nitamwambia shangazi apike kisamvu. Dawa nitaitafuta kwa mlango wa nyuma, nina rafiki aliyesoma ufamasia. Na Milembe nitamwambia kitu. Sijui nini, lakini mimi na maneno hatujawahi kukosana.

4

Jua lilikuwa bado kali nilipoingia Marudioni nikiwa na koti la mvua, glavu, buti, na kofia ya koti nimeivuta hadi kwenye nyusi. Punda wa bati nilimwacha getini nikimnong'oneza asinifuate, maana punda akibeba anapima, na akipima anaripoti. Nikachukua gunia.

Kwa mbali kona ilikuwa kijani, majani ya upupu. Nikayafunua kwa fimbo, taratibu, kama mtu anayefunua blanketi la mgonjwa.

Chini yake palikuwa bluu.

Si bua moja wala mawili. Ilikuwa bluu iliyoshonana, bua kwa bua, kutoka kwenye vyuma vya karasha hadi kwenye uzio. Mgagani ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuukata kichwa, umekua juu kunizidi, umejaa, umeshiba, unasubiri wenye kisu. Nikaweka kisomeo kwenye wa kwanza, kikapiga kelele ndefu mpaka nikakizima kwa dole gumba.

Basi nikajua na la pili. Kama kona ambayo haijachumwa iko hivi baada ya miaka yote hii, huko mbele pia risasi haijaisha. Ilikuwa inapanda kila asubuhi, inachumwa kila alfajiri. Ile hesabu yangu ya njiani ikafa pale pale, kwenye upupu.

Ningeweza kugeuka. Getini si mbali. Badala yake nikashika bua la kwanza kwa mikono miwili nikaling'oa.

Liling'oka na udongo wake. Nikalikunja, nikalisokomeza kwenye gunia. Nikashika lingine. Kazi ya namna hiyo ukiifanya kimya utaanza kujisikia, na mimi sikutaka kujisikia. Kwa hiyo nikaanza kuongea, kama nilivyozoea, ingawa punda hakuwepo.

"Ndugu wageni rasmi," nikasema, nang'oa. "Mhandisi wetu mpendwa. Akina mama, akina baba, na wewe pale nyuma uliyekuja kwa ajili ya pilau." Hapo niache nafasi ya kicheko. Nang'oa. "Leo tunarudi nyumbani. Tulitoka hapa tumebebwa, tunarudi tunatembea." Hiyo nzuri. Nang'oa mawili kwa pamoja. "Watu wanaulizana, je, huu udongo ni safi kweli? Ngasa ameusoma vizuri? Ndugu zangu, mimi nimepiga magoti kwenye shamba hili kuliko nilivyopiga kanisani. Mchungaji yupo, asinitazame hivyo."

Upupu ulikuwa umepata njia kwenye mkono wa glavu. Nikajikuna kwa meno, nikaendelea. Gunia lilikuwa limeshafika nusu, na mabua mengine yalikuwa yanachomoza nje, bluu tupu, hayakunjiki.

Nikajaribu sauti ya mwisho, ile ya kufungia, ya chini kidogo ili watu wasogee.

"Udongo huu ni safi kuliko unga wa sembe. Bluu mliyokuwa mnaiogopa haipo tena. Mtoto atacheza hapa, atachafuka, mama yake atamchapa kwa sababu ya kufua tu. Na wale wenye hali zao," hapa ninyooshe mkono kwenye safu ya akina mama, "mjamzito akitamani udongo, asihangaike kwenda sokoni kununua. Ainame tu mlangoni kwake, amege, ale. Mtoto atazaliwa anacheka."

Nikasimama kupisha kicheko. Nikaanza kukihesabu kichwani, kama emsii anavyofanya, kabla ya kuendelea.

Nyuma yangu kitu kikasaga. Sauti ndogo, kavu, ya meno.

Kofia ya koti hainiruhusu kuona pembeni, kwa hiyo ilinibidi nigeuke mwili mzima.

Milembe alikuwa amekaa juu ya gurudumu la karasha, upande ambao upupu haujafika, kanga imefunika kichwa na mabega. Kando yake vijiti vinne vilikuwa vimechomekwa ardhini kwa mraba, na kamba imezungushwa. Jiko. Alikuwa pale kabla yangu, na mimi nilipita bila kumwona. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye gunia, kwenye mabua yanayochomoza, yakaenda taratibu hadi kwenye ile bluu iliyobaki imesimama nyuma yangu, yakarudi.

Mkononi alikuwa ameshika bonge la udongo mwekundu, wa kiwanja chake. Lilikuwa limeng'atwa upande mmoja. Wajawazito wetu hula. Mvua ikinyesha tu, harufu inawaita.

"Shemeji," nikasema, "haya ni mabua ya sampuli tu, Mhandisi ameniagiza, unajua kesho..."

Aliingiza kidole mdomoni, akatoa kilichokuwemo, akakipangusa kwenye chuma cha karasha. Akafanya hivyo tena, mpaka kidole kikatoka na mate matupu. Kisha akaliweka lile bonge chini, ndani ya kamba, mkono mwingine ukiwa juu ya tumbo.

"Endelea, Ngasa," akasema. "Umefika kwa mjamzito."